Nne au Tano

Fomu ina maswali kumi, na hakuna hata moja
linalouliza kama anajuta.
Nilipokuwa mwanafunzi jambo hilo liliniudhi.
Siku hizi linanipumzisha:
majuto huigizwa, na wenye vipaji huyaigiza vizuri.
Umri hauigiziki.

Garnet Steeves, miaka hamsini na tisa,
amekisogeza kiti mbali na dirisha
kwa sababu, anasema, theluji inamtia usingizi.
Mikono mezani. Kucha safi mno.
"Umewahi kuishi na mpenzi miaka miwili mfululizo?"
"Mwaka mmoja na miezi kumi na moja."
Anacheka kidogo. "Ningejua, daktari,
ningevumilia ule mwezi."
Naandika moja.

Aliyeumizwa hakuwa ndugu yake. Moja.
Hakumfahamu kabla ya siku ile. Moja.
Hivi ndivyo binti yule anavyoingia katika hesabu,
kwa mlango wa nyuma, bila jina,
bila sweta ya njano iliyotajwa ukurasa wa arobaini,
ambayo nilitamani nisiisome,
nami nimeisoma mara tatu.

Wendell kajaza yake chumba cha pili, mlango umefungwa,
maana kanuni ndiyo hiyo: macho mawili mawili,
na kila jozi ione peke yake.
Mimi nne. Yeye tano.
Saa nzima tunavutana juu ya shtaka la themanini na saba
lililofutwa kabla ya hukumu.
"Odile, soma mwongozo," ananiambia,
na mwongozo, pembe zake zimekunjika kama masikio ya mbwa,
unasema shtaka ni shtaka.
Chai imepoa. Wendell ana haki.
Tano.

Lakini Alhamisi Garnet anatimiza sitini,
na jedwali humpunguzia aliyefika sitini.
Akitoka Jumatano ni mtu wa tano.
Akitoka Ijumaa ni mtu wa tatu:
blanketi lile lile, mswaki ule ule,
ndoto zile zile ambazo hakuna aliyemuuliza.

"Wanaume mia wenye alama zako," namweleza,
"kumi na kitu hurudia. Waliobaki, hapana."
Anainama mbele. Kwa mara ya kwanza hachezi.
"Na mimi ni yupi katika hao mia?"

Nimesomea kazi hii miaka tisa.
Nawajua wale mia kama mtu ajuavyo mvua ya mwaka mzima,
milimita kwa milimita.
Tone silijui.

Nje, Petitcodiac unarudi kinyumenyume,
maji ya rangi ya matope yakipanda kwenda bara
mara mbili kwa siku, hata leo, na barafu kingoni.
Manispaa imebandika ratiba kwenye ubao
ili watalii wasisubiri bure.
Mto unaorudi umetangaza saa zake.

Naandika: hatari, juu ya wastani.
Nafuta "juu". Nairudisha.
Halafu yale yanayoweza kubadilika: dada yake, Verna,
atampa chumba cha chini na masharti yake.
Hasira za asubuhi zimepungua.
Pombe hajaigusa miaka sita,
ingawa humu ndani, tuseme kweli, nani angempa?
Kurasa kumi na moja naziandika kwa uangalifu,
nikijua hakimu atazifunua upesi upesi
kama mtu atafutaye bei.

Saa tisa na nusu, barabara ya kwenda nyumbani,
basi la shule linasimama, taa nyekundu zinapepesa,
na sote tunasimama, pande zote mbili,
hata lori la maziwa.
Wanashuka na mabegi makubwa kuliko migongo yao.
Sikukusudia, lakini nawahesabu.
Saba. Wanane, na yule aliyerudi kufuata glovu.

Mmoja ana sweta. Ya kijani.

Basi limeondoka zamani.
Dereva wa nyuma yangu anapiga honi,
nami penseli bado imo sikioni.